Mlima Nilioegesha Gari Juu Yake

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, gari langu likiwa jipya na moyo wangu bado mchanga. Shule niliiacha darasa la nne kule Bukavu, lakini hapa kusini mwa Afrika, mtaani La Rochelle, nilikuwa na mashine tano za kushona, zangu mwenyewe. Suti zangu zilivaliwa hadi Sandton kwa matajiri. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Rafiki yangu Safari, fundi wa mashine moja tu, akatuma picha kwenye grupu la parokia: amesimama juu ya mawe, nyuma yake mbingu tupu. Akaandika, "Nimefika mahali pa juu kuliko pote katika jimbo letu." Akina mama wakamsifu mpaka nikazima simu. Suti zangu hakuna aliyewahi kuzisifu hivyo.

Jumapili ile Safari alikuwa anambatizisha mwanawe, na baba wa ubatizo ni mimi. Nikajiambia, nitoke alfajiri, nipige picha inayoipita yake, nirudi kabla ya misa. Nikaenda na suti ya buluu. Saa mbili nzima nilizunguka nikitafuta mlima. Mahindi, uzio, ng'ombe. Ng'ombe, uzio, mahindi. Mwishowe nikamuuliza mzee mchungaji wa ng'ombe.

"Mlima gani, baba? Umeegesha gari juu yake."

Kweli, hatua chache mbele palikuwa na rundo la mawe lisilofika kiunoni.

"Juzi alikuja mwenzako," mzee akacheka. "Mkewe alilala kwenye mavi ya ng'ombe akimpiga picha kutoka chini, ndipo ikapendeza. Wewe umekuja na nani?"

Sikuwa na wa kunilalia chini.

Nilipofika kanisani, mtoto alikuwa ameshabatizwa, na kinyozi wa mtaani ndiye aliyemshika kama baba wa ubatizo badala yangu. Safari akatazama viatu vyangu vyenye tope.

"Eish, kaka! Ungeniuliza. Ningekuambia ni mawe tu."

Leo mtoto yule akimwona kinyozi humkimbilia, "Baba!" Mimi huniita anko, basi. Mashine zangu zimefika kumi na mbili, na kinyozi bado namwonea wivu.

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Cha mwenzio kikikuchoma roho, muulize kwanza kilivyo; huenda mkacheka pamoja. Na mtu akikupa mwanawe umshike, mshike. Hakuna kilele kinachopita hapo.

Mungu akupe macho ya kuiona heshima uliyokwisha kupewa. Akupe na mtu atakayekubali kulala chini ili wewe uonekane mrefu, na siku yake ikifika, ulale wewe. Amina.