Wembe wa Jana

Juzi mjukuu wangu alinibusu, kisha akajipangusa shavu kwa kiganja. Nilijipapasa kidevu changu. Nilikumbuka chumba chetu cha Malindi, alasiri ya harusi ya shangazi, kilivyonukia udi na asumini.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na ndevu. Somo, kungwi wake aliyekuja kumpamba, alimshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga ili wanawake wote waone.

"Nitoe ndevu hizi kwa uzi, somo," shangazi aliomba. "Wembe utazirudisha ngumu."

"Uzi ni wa nyusi, bibi wee. Ndevu zinyolewe kama ndevu."

Chumba kizima kilicheka. Mimi, msichana mdogo, nikatumwa wembe kwa baba, aliyekuwa akijinyoa uani, povu la sabuni limemjaa mashavuni.

"Mpe huu wa jana," alisema. "Mpya nautaka mwenyewe."

Ule wembe ulikwaruza kavukavu. Shangazi machozi yalimtiririka, nami nikafurahi, kwani niliambiwa bi harusi asiyelia hana haya.

Wiki haikwisha, mumewe akamrudisha, akisema hakuoa mwanamume mwenzake. Hayo niliyajua ukubwani. Siku ile nilidhani ametukumbuka tu. Alisimama mlangoni na sanduku lake, akamwamkia baba, na baba hakuitikia. Mimi nikamrukia shingoni, nikambusu, kidevu kikanikwaruza shavu.

"Shangazi!" nikapiga kelele kwa furaha, hadi majirani wakasikia. "Unachoma kama baba!"