Picha ya Ubongo wa Kadzo

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipokuwa bado na nguvu, na mdomo pia, mdogo wangu Kadzo aliporudi nyumbani Malindi kutoka Mombasa na picha ya ubongo wake ndani ya bahasha.

Kadzo alikuwa na maradhi ya haiba, yaani ugonjwa wa nafsi unaovuruga hisia na mwenendo wa mtu. Leo anakupenda hadi unaona haya, kesho ukichelewa kupokea simu anaamini umemtupa, na mara nyingine alijikata mikono. Sisi tulisema ana vituko. Watafiti wa maradhi hayo huko Mombasa ndio waliomwita, wakamlaza ndani ya mashine na kumwonyesha sura za watu, wenye hasira na watulivu, ili waone ubongo wake unavyoshtuka. Alirudi amechangamka kama bibi harusi. Kwa mara ya kwanza, alisema, amepata watu wa kumuuliza inauma vipi.

Niliacha kukuna nazi, nikaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga. Nilikuwa natafuta doa. Mimi wa darasa la saba nikajifanya daktari! Karatasi ya majibu iliyokuja na picha ilisema hakuna kasoro iliyoonekana. Kadzo akaanza kunieleza kwamba wanalinganisha picha za watu wengi, kwamba ya mtu mmoja haiwezi kusema anaumwa au haumwi. Sikumngoja amalize. Mashemeji zangu walikuwa wameketi pale, nami nilikuwa nimechoka kuaibika.

"Ubongo wako mzima, Kadzo," nikamwambia. "Kumbe siku zote hizi unatuchezea."

Hakulia wala hakurusha kitu, na mimi mjinga nikadhani nimemtibu. Kesho yake alihamia kwa shangazi yetu, kule Marafa. Kweli, ulimi hauna mfupa.

Sasa anatibiwa, ana mshauri wa kuzungumza naye, na nafuu ameipata, namshukuru Mungu. Nikienda ananipikia, ananipa shikamoo yangu kwa adabu zote. Nikimuuliza hali hujibu, "Njema, dada." Tangu siku ile hajaniambia tena kuwa anaumwa. Hilo ndilo linalonitesa.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenzio akikwambia nafsi inamuuma, usimdai ushahidi. Keti, umsikilize hadi amalize, hata kama huelewi, hata kama umechoka naye. Wenye mashine zao wenyewe bado wanatafuta, sembuse wewe na mimi. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, na nduguzo wasije wakakuficha maumivu yao. Amina.