Madumu Yangu ya Mafuta ya Taa

Miaka ile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kufika Mbinga, mume wangu alinunua moja, na harufu ya petroli iliyokuwa ndani yake akanisingizia mimi. Nilikuwa nawapelekea mafuta ya taa wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, huko Lituhi, wanaovua usiku kwa karabai. Nilimwambia hii ni petroli, pua yangu haijafa. Akayahamishia madumu kwenye keria ya juu ya paa. Harufu ikabaki, akasema imeshaingia kwenye viti.

Safari moja niliyaacha nyumbani kimyakimya. Jua lilipokolea, akafungua dirisha.

"Mafuta yako hayo, mama."

"Yako nyumbani," nikasema.

Tuliporudi tukaenda gereji. Fundi akafungua kopo lenye mkaa, ambao kazi yake ni kunyonya mvuke wa petroli kutoka kwenye tenki. Mkaa ulikuwa umelowa chapachapa. Akauliza tunajazaje. Kwa kuwa ziwani hakukuwa na kituo cha mafuta, mume wangu alikuwa akilitikisa gari ili petroli ishindiliwe mpaka mdomoni, kama mahindi kwenye debe. Iliyozidi ilikuwa ikiingia kwenye kopo, na mkaa uliolowa haunyonyi tena, kwa hiyo mvuke ulitujia sisi ndani.

Fundi akafunga kopo jingine, lililotoka kwenye gari bovu. Safari iliyofuata, kituoni, mume wangu alisema "inatosha" kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa sahani. Njiani hewa ilikuwa safi. Akauliza kama madumu nimeyaacha tena. Nikamwambia yote yako nyuma ya kiti chake.

Tulipofika Lituhi aliyashusha mwenyewe, moja moja, mpaka kwenye mitumbwi.