Mchumba Aliyefunga Dirisha

Lukresia alipolimaliza lile shairi aliibamiza karatasi kwenye benchi, wanawake wote wa darasa la misheni wakashtuka. Sista, aliyewafundisha kushona na kusoma, mkasi ukining'inia kiunoni, alikuwa amelitafsiri mwenyewe kutoka Kijerumani, lugha ya kwao Udachi. Lilikuwa la kutisha kwelikweli. Askari amefia vitani, hana kaburi, na kila jioni anakuja dirishani kwa mchumba wake kuomba afukiwe vizuri. Mchumba anafunga dirisha, anatetemeka, mwishowe hofu inamuua. Sista alikuwa akifuta machozi.

Machozi, jamani! Hapo ndipo Lukresia alipopandwa na hasira. Na mchumba gani huyo wa kufunga dirisha? Angekuja mumewe, yeye angebomoa ukuta ampokee. Mumewe mapadre walimbatiza jina la Athanasi asubuhi, na mchana uleule Wadachi wakamnyonga hapo Songea pamoja na wenzake wa vita vya Maji Maji, wakawafukia bila kumwita mke wala ndugu. Tangu siku hiyo matanga hayajaondoka. Wakwe zake kule Matogoro walikataa kumnyoa mpaka alete udongo wa kaburi, na kila alipokwenda boma kuuliza alifukuzwa kama kuku. Mwaka mzima nywele za ujane zilikuwa zimemsongamana kichwani.

"Sista, huyu wa karatasini unamlilia," alisema. "Wangu yuko wapi?"

Sista akasema hajui, tena akaongeza kwamba shairi ni hadithi tu. Lukresia akamgeukia Mwalimu Polikarp aliyesimama mlangoni, yule aliyekuwa mkalimani wa boma siku ya kunyonga. Huyu bwana alikuwa amekula ugali wake mara ngapi, na kila akiulizwa anajifanya kiziwi! Safari hii alimkodolea macho mpaka Mwalimu akainamisha kichwa.

"Kwenye bustani ya viazi, nyuma ya boma," akasema. "Upande wa mfereji."

Viazi vile Lukresia ndiye aliyevilima, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, akavibeba kikapuni hadi jikoni kwa mabwana. Vilivyobaki alipewa, akala.

Akachukua jembe ukutani akatoka, jua la saa nne likiwaka, Sista akimkimbilia nyuma. Askari wa zamu alimwacha apite, maana alishamzoea na jembe lake. Alipofika upande wa mfereji akaanza kung'oa, tuta baada ya tuta, viazi akivitupa huko. Askari alipiga kelele akiuliza ni amri ya nani. Lukresia alichota udongo, akaufunga kwenye pindo la kaniki, kisha akaketi palepale chini.

"Sista, leta huo mkasi," alisema. "Wakwe zangu watamalizia nyumbani. Wewe anza."

Sista alimtazama askari, akatazama udongo. Akapiga magoti katikati ya viazi, akaanza kukata, na safari hii hakulia.