Mawe ya Samaki Hayaoshwi

Jiwe lililotoka mtoni sasa hivi lina harufu yake, harufu ya majani mabichi na chuma, na kwa mbali harufu ya tango lililokatwa. Nilipokuwa na miaka kumi, nyumba yetu ya Kisangani ilinuka hivyo mwaka mzima. Kila Jumapili asubuhi Papa alinishika mkono, tukateremka hadi mto Tshopo, chini ya bwawa la umeme, pale maji yanapovurugika juu ya miamba kwa kelele kiasi kwamba ukitaka kusema neno ni lazima upige ukelele. Tuliinama tukachagua mawe yenye utando wa kijani, tukayapanga ndani ya ndoo kwa uangalifu kama watu wanaopanga mayai. Njiani majirani walitucheka wazi wazi. Karani wa serikali, mtu mzima na akili zake, anabeba mawe na binti yake utadhani mtaa wetu umeishiwa mawe! Papa aliwapungia mkono tu, nami nikatembea nimeinua kidevu, maana nilijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Mawe yale yalikuwa chakula. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao alimwachia Papa tangi la vioo lenye pampu ndogo ya hewa, na badala ya kuliuza, kama Mama alivyotaka, Papa aliwaomba wavuvi wa maporomoko wamletee samaki wadogo ambao hakuna mtu anayewala. Walikuwa na urefu wa kidole, weusi wenye madoa ya udongo, na mdomo wao ulikaa chini ya kichwa, wa kunyonya, wakaweza kuung'ang'ania mwamba hata mto uje kwa kishindo namna gani. Hawakula mdudu, hawakula unga wa muhogo. Walikwangua ule utando wa kijani, basi. Tisa wa kwanza walitufia katika wiki mbili, na kila kifo kilitufundisha kitu. Tulijifunza kwamba maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo ni lazima yakae siku mbili katika mabeseni wazi. Tulijifunza kwamba maji yaliyotulia yanawaua, kwa hiyo umeme ukikatika mchana tulipokezana kikombe, tukachota na kumwaga kutoka juu mpaka mkono unakufa ganzi. Na tulijifunza sheria kubwa kuliko zote, kwamba jiwe lao halioshwi. Lililokwanguliwa likawa jeupe linarudishwa mtoni, linaletwa jingine lenye kijani chake. Mama, ambaye mabeseni yake yote yalikuwa yametekwa, alisema watu wengine wanafuga samaki ili wawale, sisi tunafuga samaki ili watutazame.

Sita walibaki, wakanenepa. Siku walipotimiza miezi mitatu Papa aliniita mbele ya tangi akaniambia, "Aziza, hawa samaki ni ya kwako. Mimi niko musaidizi tu." Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Ahadi ni deni, walituambia shuleni, na mimi sikuwa nimewahi kuona Papa akivunja ahadi hata ya pipi.

Kisha habari ikaingia nyumbani kwamba ofisini kuna watu watakaohamishwa, na jina la Papa limo. Angepelekwa Barumbu, mbali huko mto unakoteremkia, ambako Mama aliamini kuwa masomo yangu yangeishia. Mama alilia akiwa anachambua mchele. Papa hakulia, ila alianza kulizunguka tangi, na mimi nikadhani anatafuta faraja. Kumbe alikuwa anapima. Mkurugenzi wake aliwahi kupita kwetu siku moja, akasimama mbele ya wale samaki akasema, "Citoyen, hii kitu ni muzuri," kisha kabla ya kutoka akalirudia neno hilohilo. Zama zile, zama za chama kimoja, tulipotakiwa sote kuitana citoyen, yaani mwananchi, kana kwamba tuko sawa, mkubwa akisifu kitu chako mara mbili ujue kimeshakuwa chake. Mkono mtupu haulambwi.

"Tutapeleka samaki kwa directeur," Papa aliniambia nilipotoka shule.

"Lakini ulisema ni ya kwangu, Papa."

"Ni ya kwako. Donc, basi, ni wewe utaandika namna ya kuwachunga."

Niliketi mezani nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, mistari saba. Wa kwanza, nilioupigia mstari chini mara mbili, ulisema: Musioshe mawe. Papa aliusoma ukurasa wote, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kukata. Alikata mawe, akakata dawa ya maji ya bomba, akakata kikombe cha wakati umeme umekatika. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, kama anayenifundisha hesabu, "Mutoto, huwezi kuambia chef, mukubwa, musifanye hivi, musifanye vile. Ye ndiye anasema." Nikamwambia watakufa. Akasema hapana, nyumba ya mkubwa ina bahati. Kisha akaandika yeye mwenyewe kwenye karatasi nyeupe. Mwanzo ulijaa salamu, mwisho ukajaa maombi ya maisha marefu, na katikati palikuwa na sentensi moja tu iliyohusu samaki: kwamba wanapenda sana usafi. Nilijua si kweli. Nilinyamaza kwa sababu aliyeandika ni Papa.

Tangi, samaki na barua vikapelekwa, na hazikupita siku kumi tukaitwa. Papa alivaa abacost yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, mimi nikavaa sare ya shule. Kwenye veranda ya mkurugenzi niliyaona mawe yangu yamerundikwa ukutani, yamesuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka yameng'aa. Mkewe alikuwa anangojea wageni kutoka Kinshasa, naye, mwanamke msafi wa nyumba safi, aliuonea haya ule uchafu wa kijani. Aliagiza mawe yasuguliwe na tangi lijazwe upya kutoka bombani. Wageni walipokaa kunywa, samaki sita walikuwa wanaelea tumbo juu. Simlaumu mama yule. Alifuata barua.

"Citoyen, ulituletea samaki ya mugonjwa?" mkurugenzi aliuliza, wala hakuwa na hasira sana.

Nilimtazama Papa. Sikutarajia amwambie mkubwa kuwa amekosea. Lau angenyamaza tu, ningemsamehe kabla hatujafika kwenye geti. Akaniwekea mkono begani, mkono uleule wa Jumapili, akasema, "Pardon, citoyen directeur. Ni mutoto ndiye alikuwa anawachunga. Ye ndiye aliniambia mambo ya kuandika. Alisahau mambo ya mawe." Kisha akanigeukia. "Aziza, omba pardon."

Niliomba. Mke wa mkurugenzi akacheka, akanipa biskuti, na mimi nikaila, na ilikuwa tamu, jambo linaloniudhi mpaka leo. Njiani Papa alisema neno moja tu, kwamba mimi ni mtoto, kesho watasahau, lakini yeye wangempeleka Barumbu. Wahenga wanasema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake. Kwetu siku ile jalala lilikuwa na miaka kumi na soksi nyeupe.

Hakuhamishwa. Nilisoma hapahapa mjini hadi mwisho, nikawa mwalimu, na sitajifanya sijui nani aliyelipia. Mambo yamebadilika. Neno citoyen limezeeka, chama kile kimebaki kwenye hadithi, na wanafunzi wangu wanambishia mkuu wa shule usoni, naye anawasikiliza akiwa amenuna. Ninapowasikia nafurahi, halafu nawaonea wivu. Papa amezeeka, anaishi kwangu, na wajukuu wanampenda kwa hadithi zake. Anayoipenda kuliko zote ni ya mkurugenzi aliyeosha mawe ya samaki kwa sabuni. Anaisimulia vizuri, watoto wanagaragara kwa kicheko, nami nasimama mlangoni nikingoja afike kwangu. Hajawahi kufika. Mwezi uliopita binti yangu mdogo alimwuliza babu yake, "Koko, na samaki walipokufa, directeur alimufanya nini mutu aliyewaleta?"

Papa aliinua macho akanikuta pale mlangoni.

"Directeur?" alisema. "Hakufanya mutu kitu."

Na hiyo, katika hadithi nzima, ndiyo sehemu ya kweli kabisa. Mkurugenzi hakunifanya kitu.