Siku Niliyotangaza Mate Kanisani

Mkicheka, chekeni mkiangalia chini, kwa sababu hii aibu bado haijanitoka. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kalama, na watafiti walipokuja kukusanya mate ya watu walinituma nitangaze kanisani kwamba wanataka kujua kwa nini ugonjwa wa sukari unafuata familia fulani, ili watoto wa hizo familia wakingwe mapema. Basi, hayo tu. Lakini nikaona watu wanasinzia (mahubiri yalikuwa marefu, tuseme ukweli), nikaongeza chumvi kidogo: "Haya mate yataonyesha ukoo wako wote, hakuna siri itabaki."

Jumanne kufika zahanati, nikakuta foleni ya wanaume tupu. Mzee Kioko, jirani yangu, alikuwa mbele na wanawe watano, watu wazima wenye ndevu, akamwambia daktari wa utafiti, "Nimewaleta wote. Anza na huyu wa masikio makubwa."

Daktari akauliza kwa upole, "Nani aliwaambia tunatafuta baba?"

Foleni nzima ikanigeukia.

Nikapanda kwenye benchi nikaeleza kwamba nilikosea, hakuna mtu anaangalia baba ni nani, ni sukari tu, na ili waniamini nikasema nitakuwa wa kwanza kutoa mate. Sasa kile kichupa kinataka kijae mpaka kwa alama, na mimi kwa aibu mdomo umekauka kama unga, nikatema, nikatema, dakika kumi nzima watu wakiangalia, na ndani hakuna kitu isipokuwa povu.

Mke wa Mzee Kioko, aliyekuwa amewafuata mpaka hapo akiwa na hasira zake, akaniangalia akasema, "Mutuku, mwanangu, shuka. Hayo mate uliyamaliza Jumapili."

Walicheka mpaka daktari akaketi. Lakini mama huyo hakucheka, akachukua kichupa kingine. "Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari," akasema. "Hawa watoto wangu nataka wajue mapema." Halafu akamwambia mumewe, "Na wewe, simama hapa nyuma yangu."

Mzee akasimama. Walipopimwa damu ya kidole pia, kijana wao mmoja akaambiwa sukari imeanza kupanda, aanze kliniki wiki hiyo hiyo, na baba yake akamshika bega.

Mimi nimekoma. Siku hizi nikipewa tangazo la mistari minne nasoma minne naketi, hata kama kanisa lote limelala.