Cloud ilimwita Mutinda mwizi, kadi ya nyimbo zangu ikamtetea

Wakuu, habari za huko. Mimi ni mzee wa hapa Mitaboni, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imeruka, rukeni nayo tu. Lakini hii maneno nimeiona na macho yangu, sina haja ya kuongeza chumvi.

Kijana yangu Muthama anaishi Syokimau, karibu na Nairobi. Huko wako na mageti na walinzi na bado wanaogopa. Akaja akaniwekea kamera kwa veranda, inaangalia veranda na boma yote mpaka kwa geti.

"Baba, kila kitu inaenda cloud, mimi naona kwa simu yangu."

Nikamuuliza hiyo cloud iko wapi. Akasema popote.

Popote! Kitu yangu iko popote! Sisi hapa mawingu tunayajua. Yanapita juu yetu yakienda kunyeshea watu wengine.

Fundi aliyekuja naye, mtu wa adabu, akaniambia kamera iko na mahali pa memory card, nikiweka itarekodi picha na sauti siku nzima bila kusinzia. Nilikuwa na kadi moja tu, ile ya redio yangu, imejaa nyimbo za zamani za Kikamba. Nikaitoa. Kumbe kamera inafuta kwanza! Nyimbo zote kwisha. Chakula ya jioni sikula. Muthama akacheka, eti kadi ni mambo ya kitambo.

Haya.

Jumapili moja mimi na mama Muthama tukaenda kanisa. Simu nikaiacha kwa veranda ikichaji, kanisani mimi sibebi simu, sio kama nyinyi.

Kurudi, beberu yangu mweupe hayuko. Simu inalia, ni Muthama.

"Baba, Mutinda ameiba mbuzi! Niko na ushahidi!"

Mutinda ni mfanyakazi wetu. Huyo Muthama alibebwa na Mutinda mgongoni kuvuka mto akienda nasari. Sasa leo ni mwizi, kwa sababu cloud imesema.

Na ushahidi ni nini? Kaclip kadogo, Mutinda akimvuta beberu nje ya geti. Basi. Hiyo cloud inaamka ikiona kitu inatembea, inachukua kidogo, inalala tena, na mengine yanaipita ikiwa usingizini. Hata mbwa wangu mzee anaamka vizuri zaidi. Na Muthama alikuwa ameshaituma kwa group ya familia! Kutoka hapo ikafika sokoni, na jioni vijana wa soko wako kwa geti langu wakisema mwizi wa mifugo huchomwa.

Mutinda akanivuta kando. "Mzee, Kavita alikuja. Akasema umempa huyo beberu wa ntheo. Akakupigia simu nikisikia. Akatangulia kutoka, nikamsaidia kumvuta mpaka barabarani."

Kavita ni mtoto wa ndugu yangu mdogo. Ntheo ni zile mbuzi za kuposa, na bila hizo kwetu Ukambani huna bibi, uko na mgeni tu. Yake ilikuwa siku hiyo hiyo, huko Muthetheni.

Vijana nikawafukuza, nikawaambia nitawaita. Asubuhi nikamwita Kavita, akaja na kifua mbele.

"Baba mkubwa, mimi? Mbuzi zangu nilinunua. Si clip mmeona? Niko wapi hapo?"

Muthama naye kwa simu, "Baba, technology haidanganyi."

Nikachukua ngazi. Nikatoa kadi yangu. Nikamwambia Kavita twende cyber pamoja, kule kwa kompyuta za kulipia, na wale vijana waje.

Mama wa cyber akafungua. Kavita huyo kwa veranda yangu, ameegemea ukuta, simu kwa sikio: "Haloo baba mkubwa! Yule mweupe? Asante sana!" Mutinda yuko mbali kule kwa zizi, anasikia.

Mama wa cyber akaniangalia. "Mzee, na hiyo simu inachaji hapo kando ya kiwiko chake, si ni yako?"

Ilikuwa yangu! Mtu anaongea na mimi na simu yangu imelala karibu naye kimya! Wale waliotaka kuchoma mtu walicheka mpaka wakashika kuta. Kavita akatafuta mlango.

Beberu sikuenda kumdai. Mbuzi ya ntheo ikishaingia kwa wakwe haitoki, ningevunja ndoa ya msichana wa watu bure. Kavita ananilipa kwa kunichimbia matuta shambani, na msimamizi wake ni Mutinda.

Muthama alitaka kuomba msamaha kwa simu. Nikakataa. Akaja, akasimama mbele ya Mutinda hapo kwa veranda. Nikamwambia aongeze sauti, kadi inarekodi.

Kwa hivyo wakuu, mambo ya boma lako weka bomani. Ukiyapeleka popote utarudishiwa kipande, na kipande kinaweza kuua mtu.

Nyinyi wa cloud njooni mjitetee, niko hapa. Na kama kuna mtu anajaza nyimbo za zamani kwa kadi, aseme pia. Redio yangu bado ni bubu, ingawa kila asubuhi nasikia Mutinda akimfokea Kavita huko chini kwa shamba, na hiyo kwa sasa inanitosha.